Mwezi Unaotazama Mbele

"Huu si wetu," alisema Bibi Dulmaa, akausukuma ukurasa kwa kidole kimoja hadi upande wangu wa meza. "Juzi nilipokuja ulikuwa wetu. Leo mmeufanya wa kwa Luvsan."

Niliinama kuutazama. Ulikuwa mwezi mchanga, mweusi, umechorwa na mkono uliotulia, pembe zake zimeelekea kulia. Farasi hupigwa chapa kwenye paja la kushoto, kwa hiyo kulia ndiko mkiani. Mwezi wa ukoo wake, alisema, ulitazama mbele, kichwani. Ule wa kutazama nyuma ulikuwa wa kwa Luvsan, majirani zao wa zamani kule jangwani Gobi, na majirani hao walikuwa kwenye ukurasa unaofuata, na mwezi wao umeelekea huko huko.

Jana yake tu nilikuwa nimejigamba ofisi nzima kwamba hitilafu nimeipata na nimeimaliza.

Siku hizi programu za kupanga vitabu huandika hati yetu ya kale ya Kimongolia bila kubembelezwa. Wakati ule, Ulaanbaatar ikiwa bado imejaa watu waliokimbia majira mawili ya dzud, kipupwe kikali kinachoua mifugo, programu tuliyokuwa nayo ilijua njia moja tu: mstari uliolala. Hati yetu husimama. Hushuka kutoka juu, na safu inayofuata husimama kulia kwa ile ya kwanza. Basi tulikuwa tukiidanganya mashine. Tuliandika mistari imelala, tukausimamisha ukurasa mzima, na kwa kuwa safu zilijipanga kinyumenyume, tukaugeuza kama unavyogeuzwa na kioo. Herufi zetu tulizichonga zikiwa zimepinduka tangu mwanzo, ili kioo kizirudishe sawa. Picha nazo tulizilaza na kuzigeuza moja moja kabla, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akiingia ofisini akachungulia kioo cha kompyuta yangu alidhani nimerukwa na akili. Mimi niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha chapa za farasi. Mzee Tserenpil, daktari wa mifugo aliyestaafu, alikuwa amezunguka wilaya yake ya zamani akichora chapa ya kila ukoo kabla hazijasahaulika. Alikuwa mtu wa kunyoosha kola na kunyoosha maneno. Sharti lake lilikuwa kwamba kila familia ione ukurasa wake kabla kitabu hakijaenda mtamboni, maana huko wilayani watu walishasema kitabu hicho ndicho kitakachoamua farasi aliyepotea ni wa nani.

Bibi Dulmaa alikuwa wa kwanza kuja, kwa kuwa hema lake lilikuwa hapo hapo mjini, juu mlimani. Aliuona mwezi wake, akaugusa, akatuachia jibini kavu gumu la kuvunja meno. Baada yake ndipo Mzee Tserenpil alipozipitia kurasa zote na michoro yake mkononi, akaja mezani kwangu amenuna.

"Binti, umenigeuzia farasi wa watu."

Si wote waliogeuka, na hapo ndipo udadisi uliponishika. Jua lilikuwa sawa. Duara lilikuwa sawa, pembetatu sawa, samaki wawili sawa. Miezi ilikuwa imegeuka, na ndoano, na ile alama inayofanana na kifyatulio cha bunduki. Nilikaa nazo siku nzima. Nilidhani ni majina ya mafaili, nikayabadilisha. Nilidhani ni ukubwa wa picha. Bosi wetu, Khaidav, alipita na kikombe chake cha chai ya maziwa na chumvi akaniuliza kama mashine imeniroga au mimi ndiye niliyeiroga.

"Nyamaza kidogo, kaka," nilimwambia. "Inanong'ona kitu."

Ilikuwa ikininong'oneza jambo la kipuuzi: kwamba zote zilikuwa zimegeuka. Jua ukiligeuza kwenye kioo ni jua lile lile. Kosa lilikuwa limejificha kwenye chapa zisizoweza kulionyesha. Nilihitaji picha ambayo hakuna Mmongolia angeikosea, nikachora mtu mdogo aliyevaa deel, joho letu linalofungwa upande wa kulia, nikamweka kwenye ukurasa. Nikahifadhi, nikafunga, nikafungua. Mtu wangu alikuwa amefunga joho upande usiofaa, kichekesho cha kutembea. Ndipo nikaelewa. Picha ikilazwa na kugeuzwa kwa pamoja, programu ilipohifadhi ilikumbuka kuilaza na kusahau kuigeuza. Dawa ilikuwa rahisi: nilizigeuza zote kwenye programu nyingine kabla ya kuzileta. Nilimfuta mtu wangu, nikachapa upya, Mzee Tserenpil akalinganisha na michoro yake na kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikajigamba.

Sasa Bibi Dulmaa alikuwa ameketi mbele yangu, mikono mapajani, akisema kwamba mashine ilipokuwa mbovu ilisema kweli, na ilipopona imeanza kusema uongo.

Khaidav hakutaka makubwa. "Mgeuzie tu huo mwezi mmoja, Zul. Jumatatu tunapeleka."

"Hageuzi mtu kitu," alisema Mzee Tserenpil. Alitoa mchoro wake kwenye mkoba na kuuweka mezani. Pembe zilielekea kulia. "Nimechora kwa mkono wangu, hemani kwake, yeye mwenyewe akinimiminia chai. Bibi Dulmaa, usikasirike. Umri unatuchezea sote."

"Umri wangu haujawahi kusahau farasi."

"Wilaya moja haiwezi kuwa na chapa mbili zinazofanana. Kanuni niliisema tangu mwanzo. Zikifanana, inabaki ya mwenye farasi."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Kwa Luvsan walikuwa bado na farasi. Wa Bibi Dulmaa walikufa wote katika dzud ya pili, wamesimama, barafu imeyafunga majani chini ya kwato zao. Mumewe alifuata kabla ya majira ya kuchipua. Alikuwa ameshuka mjini na hema na sanduku. Mwezi ule ukitolewa kitabuni, wajukuu zake wasingekuwa na njia ya kuonyesha kwamba ukoo wao uliwahi kumiliki hata mtoto wa farasi.

Bibi Dulmaa alianza kufunga kitambaa chake cha kichwa ili aondoke, nami nikamwonea huruma, lakini nisijisifu kwa huruma. Kilichonifanya nimzuie ni kwamba sikuelewa. Mashine iliyougeuza mwezi wake ilikuwa imegeuza yote. Mwezi ulionyooka wakati mingine yote imepinduka ulikuwa umepinduka kabla haujafika kwangu. Nilijikuta nikiuliza kwa sauti.

"Mzee, zile nyingine ulizichoraje?"

"Kwa kuangalia farasi. Nitachoraje kingine?"

"Na hii?"

Aliurudia mchoro wake kuutazama. "Hakuwa na farasi. Nilichora kwa kuangalia chuma chake cha kupigia chapa."

Khaidav akaanza kusema tofauti iko wapi, kisha akaishia katikati. Tulitazamana, watu watatu ambao kwa wiki nyingi hatukuwa na mazungumzo mengine ila ya kugeuza na kugeuzwa.

"Bibi," nilisema, "hicho chuma unacho?"

"Kwani ningekitupa?"

Alikileta kesho yake asubuhi, kimeviringishwa kwenye hariri ya bluu. Kilikuwa cheusi, na mpini umelainika kwa viganja vya watu waliokufa zamani. Mzee Tserenpil alikishika uso ukimtazama, kama bila shaka alivyokishika siku ile hemani. Pembe zilielekea kulia. Aliulinganisha na mchoro wake, akaninyooshea vyote viwili, kama mtu aliyeshinda kesi asiyotaka kuishinda.

"Sasa tukipige," nilisema.

Nilikuwa nimeandaa sahani ya wino na karatasi nene. Bibi Dulmaa akaushika mkono wangu.

"Hakifanyi kazi hivi hivi, mwanangu. Si nyundo hiki."

Akaangaza macho mezani, akachukua kikombe cha Khaidav, akachungulia ndani. "Hii ina chumvi na majani ya chai. Huna maziwa matupu?" Khaidav, ambaye hata mama yake sikuwahi kumwona akimtii haraka hivyo, akaenda kuleta. Bibi alichovya kidole cha pete, akapaka maziwa kwenye chuma, akanong'ona jina ambalo sikulisikia vizuri. Kisha akakitia wino yeye mwenyewe, akasimama juu ya karatasi na kukaza magoti, kama wanavyokazana watu farasi akiwa ameshikwa, akakandamiza.

Alipokiinua, pembe za mwezi zilielekea kushoto, kichwani.

Mzee Tserenpil alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akatazama tena. Kisha akachukua mchoro wake, akaukunja mara mbili na kuutia mfukoni.

"Nimekukosea, Bibi," alisema. "Nimekukosea mno. Waweke huu huu. Sitachora mwingine."

Tukaupiga picha ule wa wino, na alama ya tone la maziwa pembeni yake, na ndio ulioingia kitabuni. Ni chapa pekee humo ambayo haikuchorwa na mtu. Khaidav alitaka nisafishe lile tone kwenye kompyuta, nikakataa, na safari hii hakunibishia.

Wakati tukihangaika na kamera, Bibi Dulmaa alikuwa ameketi karibu na dirisha, chuma magotini. Wino wetu wa kuchapia ni mzito, haufutiki kwa urahisi. Alikuwa akisugua kwa ncha ya mkono wa joho lake, akipitisha ukucha kwenye kona za pembe, akisugua tena.

"Acha tu, Bibi," alisema Khaidav. "Hauharibu chuma."

"Ukikauka humu," alisema bila kuinua macho, "utamchafua farasi."

Khaidav alinitazama. Mzee Tserenpil akageukia ukutani. Mimi nilikwenda nikachemsha maji, nikamletea na kitambaa safi, nikapiga magoti pale dirishani tukakisafisha pamoja.