Chupa Ndani ya Dohani

Dohani ililia tena, sauti ndefu kama ya mtoto aliyeachwa nje, na Mama Mavra akakaza kamba ya sanduku la mkwewe kwa goti.

"Unasikia, Nikanor? Tangu aingie humu ni hivi. Alikuja na pepo wake, aondoke naye."

Nikanor alivua kofia. Jiko lile la matofali, pamoja na dohani yake, alilijenga mwenyewe kabla ya theluji, zawadi ya harusi kwa Savva, mwana wa Mavra na mtoto wa baba yake mdogo. Kijijini walimtania kwamba ndani ya koti lake wanaishi watu wawili. "Leo kaamka yupi?" walimuuliza wakikutana naye kisimani. Mmoja aliwapasulia wajane kuni bila kuombwa. Mwingine alisimama nje ya dirisha la Savva, akimtazama Ustinya, mkwe huyo wa Mavra, anavyomfunga mumewe vifungo vya shati, mpaka ndevu zikamgandia barafu.

Mafundi wa kule wakidhulumiwa hupachika shingo ya chupa ndani ya dohani, upepo uipulize, mwenye nyumba akose usingizi. Nikanor hakudhulumiwa na mtu. Yule wa kwanza alipanga matofali kwa upendo, yule wa pili akapachika chupa. Wivu wa namna hiyo haupigi hodi, jamani.

"Panda ukaangalie, kaka," Savva alisema. "Mimi sitaki aende. Ila mama..."

"Mama yuko hapa hapa," Mavra alisema. "Sema kwa sauti, nami nisikie."

Ustinya alikaa kwenye benchi, shali imeshafungwa kidevuni. "Panda taratibu, shemeji. Paa lina barafu."

Neno hilo, shemeji, lilipanda naye ngazi likimchoma.

Juu, aliingiza mkono kwenye masizi. Mwache aende, alisema yule wa pili. Akirudi kwao atakuwa peke yake. Hujamwona alivyokaa? alisema yule wa kwanza. Vidole vikachomoa chupa, akaisukuma ndani ya mkono wa koti. Hapo, kwa mara ya kwanza, wote wawili walikubaliana: hakuna atakayejua.

Alipoingia, dohani ilikuwa imenyamaza. Savva alimkumbatia. Mavra akafanya ishara ya msalaba mbele ya picha takatifu.

"Umemtoa pepo, Mungu akuzidishie. Sasa atoke na aliyemleta. Savva, farasi yuko tayari. Beba sanduku."

Savva alisimama kidogo. Kisha akainama, akalibeba.

Ndani ya Nikanor kitu kilifurahi, kikafurahi kama mtoto aliyeonyeshwa sukari. Furaha hiyo ndiyo iliyomtisha. Akaulegeza mkono juu ya meza. Shingo ya chupa ikateleza, ikagonga meza, nyeusi tii.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwonea Savva wivu. Huyu hana pepo."

Mavra alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Savva bado alikuwa na sanduku kifuani.

Ustinya aliitazama chupa, kisha mumewe.

"Yeye aliweka chupa," alisema polepole. "Na wewe, sanduku ulilibeba kwa nini?"

Akatoka mikono mitupu. Dirishani walimwona kando ya farasi, anampangusa theluji mgongoni kwa kiganja, hajapanda, wala hajageuka.