Matone Arobaini na Nane

...na swali lenyewe halikuwa gumu, hata mtoto angelijibu, "Mzee, kuna dawa yoyote ulimwekea kabla ya kuja hapa?", lakini Mzee Hemedi alikuwa bado amemkumbatia paka wake Shaba ndani ya leso ya marehemu mkewe, akilitazama jicho la paka chini ya tochi ya buluu ya Daktari Metrine, ile rangi aliyoidondosha daktari iking'aa kijani penye kidonda, kwa mstari wenye matawi, mto huo, aliwaza, mto na vijito vyake, kama Nyando kwenye ramani alizochora akiwa ofisi ya maji, miaka thelathini na mmoja akisoma kina cha ziwa kila alfajiri, "Ni virusi, Mzee, humpata akiwa mdogo, mafua yanaisha lakini vyenyewe haviondoki, hulala kwenye neva mpaka mwili ulegee," ulegee kwa nini, "Wageni wengi, kuhama, huzuni," naam, arobaini ya mkewe Hadiya, nyumba imejaa watu siku tatu, Shaba yuko chini ya kitanda, siku ya nne jicho likaanza kutoa machozi, tarehe zinakubaliana, lakini chupa je... ile chupa ndogo ya dawa iliyobaki yeye mwenyewe alipotolewa mtoto wa jicho, imo mfukoni sasa hivi, matone mawili, mara tatu, siku nane, arobaini na nane, yote yamo daftarini, na siku ya tatu wekundu ulipungua akaandika "anapona", akajisifu, kumbe maji yalitulia juu huku chini yakichimba, "Daktari, mmalize huyo paka, mbwa wangu anazeekea hapa nje!" alipaza sauti mama mmoja mlangoni, Metrine akacheka, "Ngoja, Mama Terry, hata jicho la paka ni jicho," kisha akamgeukia, "Mzee, mimi si polisi, kuna matone ya watu ya kutuliza wekundu, hayo huvifungulia virusi mlango, nikijua nitajua pa kuanzia," na daktari mwingine, katika chumba kingine, Hadiya akiwa mgonjwa, aliuliza vivyo hivyo, mama anatumia dawa gani nyingine, na Hadiya akamtazama mumewe, ile mizizi ya kuchemsha aliyoletewa na dada yake kutoka Kendu Bay, usiseme, Baba Khadijah, wataniona mshamba, na yeye, msomi wa chuo kikuu, akajibu "hakuna", kama lilidhuru au halikudhuru hakuna kipimo, lakini ndilo jibu pekee ambalo hakuwahi kuliandika popote... Shaba alitoa ukucha mmoja ukapenya leso ukamchoma gotini, rangi ilikuwa bado inang'aa, daktari bado ameinua nyusi akingoja, na mkono wa Hemedi ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni, ataanza na idadi, idadi ni rahisi kutamka, arobaini na nane, kisha ataiweka chupa mezani, na lile "hakuna" la zamani litabaki palepale lilipo, peke yake, bila kupata mwenzake...