Foronya ya Bi Lavinia

Siku ya uchaguzi, mwaka wa tatu tangu vita vitutoe sisi watu weusi utumwani, mume wangu Primus alikwenda kupiga kura, karatasi yake kaificha kiatuni. Nilimfuata na shoka. Wanawake wote tulibeba mashoka siku ile, kuwalinda waume zetu njiani.

Darajani tuliwakuta wanaume sita juu ya farasi. Walijifunika foronya kichwani, wamezitoboa matundu ya macho. Mabwana wakubwa hao, wanaonea haya nyuso zao.

"Rudi shambani, Primus," mmoja alisema.

"Nikishapiga kura, bwana."

Akampiga risasi ya shingo. Nilimrushia shoka likampasua bega, damu ikatapakaa mpaka kwenye foronya. Wenzake walimshika wakatoroka naye. Primus alikufa mapajani mwangu, karatasi ingali kiatuni.

Jumatatu Bi Lavinia, aliyenimiliki zamani, akaniletea kapu la nguo chafu kama kila wiki. Mama yule hajafua hata leso tangu azaliwe, na sidhani kama aliangalia anachonipa. Chini kabisa niliikuta foronya ya mwanawe, pindo nililishona mwenyewe. Ilikuwa na matundu mawili, na damu imeigandia.

"Usinicheleweshee, Dosia."

"Sichelewi, bibi."

Nguo nyingine nilizimwaga matopeni. Foronya niliipeleka mahakamani vilevile, bila kuigusisha maji. Waliokaa kuamua kesi walikuwa watu kumi na wawili, na saba kati yao waliwahi kuchapwa viboko uani kwa Bi Lavinia.