Gari Lililoruka Ombaci

Mara ya kwanza gari letu liliruka Jumapili, katika uwanja wa kanisa pale Ombaci, watu wakiwa bado wanasalimiana baada ya misa. Mume wangu Kasimiro alitaka kulisogeza kidogo tu, katekista apate kupita na baiskeli yake. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, mkoba mapajani. Gari halikunguruma wala halikutoa dalili yoyote. Lilichomoka. Akina mama wawili wakaruka mmoja huku mwingine kule, gari likapita katikati yao, likagonga rundo la matofali na kuzimika.

Hakuna aliyeumia. Taa moja ilivunjika, boneti likabonyea. Kasimiro alishuka.

"Nilikanyaga breki," alisema.

Alimwambia katekista hivyo, akawaambia wale mama wawili, akamwambia kila aliyekuja kutazama. Nilikanyaga breki. Watu waliitikia kwa heshima, kisha wakatazamana.

Mume wangu ana miaka sitini na sita. Thelathini na moja kati ya hiyo aliitumia kwenye usukani: kwanza malori ya tumbaku, baadaye magari ya shirika la misaada, Arua hadi Koboko na kuvuka mpaka, barabara ikiwa bado matope matupu. Hajawahi kugonga hata mbuzi, na hilo utalisikia kwake kabla hujamaliza kumsalimia. Gari hili tulitumiwa na mwanetu Andama kutoka Kampala mwaka jana. Ni haibridi, lina injini ya petroli na mota ya umeme, na likisimama huwezi kujua kama liko hai au limezimwa. Kasimiro hakulipenda tangu siku ya kwanza. Alisema gari lisilotoa sauti ni kama mtu anayekuja nyuma yako bila kubisha hodi.

Jioni ile alikaa uani muda mrefu, kisha akasema, "Lukumani."

"Lukumani amefanya nini?"

"Gari lilikaa kwake siku tatu. Siku tatu, kusafisha feni ya betri? Ametoa kitu mle ndani, akaweka kibovu."

Lukumani ni fundi mwenye gereji kule mtaa wa Oli, Arua, Mnubi, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyekuwa akitutengenezea gari, na kesho yake ndiye tuliyempelekea, kwa sababu Kasimiro alitaka kumtazama usoni. Lukumani alilala chini ya gari, akafungua hiki na kile, akatoa zulia la miguuni, akalitikisa na kulifunga upya ili lisisogee. Mwisho akajifuta mikono.

"Mzee, gari iko sawa. Breki iko sawa, pedali ya mafuta iko sawa. Mimi sioni kitu."

"Basi liliruka lenyewe?"

"Mimi sikusema hivyo." Akafungua mlango wa mbele. "Lakini ikikimbia tena, usiogope. Kanyaga breki moja kwa moja, usiachie. Halafu hii gia peleka kwa N, shika hapo kidogo, usitoe mkono haraka. Ikiingia N, magurudumu haina nguvu tena. Usibonyeze ya kuzima kama gari inatembea, usukani itakuwa nzito." Akanigeukia. "Mama pia aangalie. Yeye anakaa hapa karibu."

Niliangalia. Kasimiro aliona hilo kama tusi.

Tangu siku ile hakumtaja tena Lukumani kwa jina. Alisema "yule wa Oli". Alilisema kanisani pia, kwenye kikao cha wazee wa parokia, kwamba watu waangalie sana wanakopeleka magari yao, maana kuna mafundi wanaotoa betri nzima na kuweka mzoga. Obitre, mwenyekiti wa kikao, alikuwa akitengenezesha pikapu yake kwa Lukumani miaka mingi. Wiki ile ile akahamia kwingine, na wengine wakamfuata. Nilisikia sokoni, nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa na mashaka yangu, na hayakuwa juu ya Lukumani.

Kuna siku Kasimiro alirudi kutoka Aroi, alikokwenda kutazama shamba letu la mihogo, akiwa na ndala moja mguuni. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, mavumbi hadi kwenye kifundo. Nilipomuuliza nyingine iko wapi alijitazama kana kwamba nimemwonyesha nyoka. Hakujua. Siku nyingine alikanyaga kaa la moto lililoanguka jikoni, akabaki amesimama juu yake akiniambia habari za mvua, hadi mimi nikasikia harufu. Asubuhi alikuwa anamaliza jagi zima la maji kabla ya chai.

Nani ananyoosha mkono kutafuta maji asubuhi hivyo? Nani anapoteza ndala njiani bila kujua? Kasimiro aliacha pombe miaka kumi na moja iliyopita, na mimi ndiye ninayejua ilituchukua nini kufika hapo. Basi nikawa ninanusa koti lake akilivua. Nilipekua nyuma ya magunia ghalani. Nilimwuliza mama anayepika pombe ya kwete pale njiapanda, kwa mzaha, kama ameona mgeni yeyote. Sikupata kitu, na kutopata kitu kukanifanya niamini kwamba anaficha vizuri.

Hivyo tuliishi karibu mwezi mzima, yeye akimshuku Lukumani, mimi nikimshuku yeye.

Kisha akasikia kwamba Koboko kuna binti anaitwa Shakira, fundi wa magari ya mashirika, mwenye kompyuta ya kusoma gari ndani. "Yeye hana undugu na mtu," Kasimiro aliniambia. "Ataonyesha kila kitu kilichoibwa." Tukaondoka Alhamisi asubuhi. Nilikubali kwenda ili nimwangalie anavyoendesha.

Aliendesha vizuri. Tulipita Maracha tukiongea habari za Andama. Mbele kulikuwa na senta ndogo ya maduka, na kabla ya maduka kuna tuta la kupunguza mwendo. Nilimwona akiinua mguu, nikamwona akiushusha. Gari likaruka.

Lilipanda tuta hata mkoba wangu ukagonga paa. Maduka yakaanza kupita. Bodaboda mmoja akajitupa pembeni na abiria wake. "Breki!" nilipiga kelele. "Ninakanyaga!" Kasimiro alijibu, na kweli alikuwa anakanyaga, mwili mzima umekakamaa, mikono imeshika usukani kama inataka kuung'oa. Tulikuwa tukielekea kwa wanawake walioanika mihogo kando ya lami.

Sikufikiri. Nilishika kile kigia kidogo, nikakipeleka kwenye N, nikakishikilia pale. Nilihesabu moyoni moja, mbili. Gari likalegea kama kamba iliyokatwa. Kasimiro akalikwepesha kutoka kwa wale wanawake, tukaingia kwenye kilima cha mbele yetu, tukapanda, tukapanda polepole zaidi, hatimaye likasimama. Nikavuta pumzi, nikabonyeza kitufe cha kuliegesha.

Wanawake wa mihogo walikuja wakatugongea kioo, mmoja akasali kwa Kilugbara. Nilimpigia Shakira simu. Alifika kwa bodaboda, msichana mwembamba mwenye hijabu ya kijivu na buti za kazi, akatupeleka Koboko yeye mwenyewe akiendesha gari letu. Mkononi mwake lilikwenda kama maji.

Kwenye gereji yake alichomeka waya chini ya usukani, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda.

"Mzee, hapa gari imeandika yenyewe," alisema. "Wakati ile, mafuta, mia kwa mia. Breki, sifuri."

"Kompyuta inasema uongo."

"Betri je?" niliuliza mimi.

"Betri iko nzuri sana. Hakuna mtu amebadilisha kitu. Hii kazi ya feni nimeona, ni safi. Nani alifanya?"

"Mtu mmoja wa Oli," Kasimiro alisema. "Lukumani," nikaongeza mimi.

Shakira akacheka kwa furaha. "Huyo ni mjomba wangu! Yeye ndiye alinifundisha kazi."

Niliona uso wa mume wangu ukijifunga kama dirisha. Akasimama. "Nilijua," alisema. "Scovia, chukua mkoba. Hawa ni watu wamoja. Huku anaiba, huku anafunika."

Yule msichana hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Alinigeukia mimi.

"Mama, ulipoweka N, gari ilisimama na breki, ama ilisimama yenyewe?"

Nilifikiri. Niliona tena kile kilima. "Yenyewe," nilisema. "Ilipanda mpaka ikachoka."

"Na Mzee alikuwa anakanyaga bado?"

"Kwa nguvu zake zote."

Breki iliyokanyagwa namna ile ingetusimamisha pale pale, na Kasimiro, aliyewafundisha vijana wengi udereva, alijua hivyo kuliko sisi sote. Alibaki amesimama, mkono kwenye mlango wa gari.

"Kaa, Mzee," Shakira alimwambia taratibu. "Gari imezimwa, haiendi mahali. Angalia mbele tu, kama uko barabarani. Mimi nitasema, wewe utakanyaga."

Alikaa. Nadhani alikaa ili atuaibishe.

"Breki," Shakira alisema. Kasimiro akakanyaga breki. "Mafuta." Akakanyaga mafuta. "Breki. Mafuta. Breki." Yote sawasawa, na Kasimiro akaanza kutabasamu. "Mafuta. Breki."

Shakira akainama kutazama, akabaki ameinama.

"Mzee, sasa unakanyaga nini?"

"Breki."

"Una hakika?"

"Binti, nimekanyaga breki kabla mama yako hajazaliwa."

Nilizunguka mlango nikainama na mimi. Kiatu chake cha kulia kilikuwa juu ya mafuta, kimekandamiza hadi chini kabisa.

"Baba Andama," nilisema, "tazama chini."

Alitazama. Sijawahi kumwona mtu akiutazama mguu wake namna ile. Aliuinua, akauweka kando, akauinua tena. Shakira akamwomba avue kiatu. Ndani ya kiatu kulikuwa na kijiwe kikubwa kama punje ya hindi, na soksi ilikuwa imelowa damu chini ya kidole gumba, damu nyingine imekauka na kuwa nyeusi.

"Hii imeanza lini?" nilimwuliza.

"Sijui," alisema kwa sauti ndogo. "Sisikii kitu, Scovia. Tangu msimu wa kupanda. Ni kama nimevaa soksi nzito muda wote."

"Kwa nini hukusema?"

"Dereva asiyesikia mguu wake ni dereva gani?"

Tulikwenda kliniki mchana ule ule, Shakira akitupeleka. Walimpima damu, sukari ikawa juu mno. Muuguzi akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki na kumwuliza, hapa? Hapa? Kasimiro alijibu kwa mguu wa kushoto mara mbili. Kwa mguu wa kulia hakujibu hata mara moja. Alikuwa amefumba macho, akisubiri, na muuguzi alikuwa ameshamaliza.

Jumamosi alikwenda Oli kwa miguu, kidonda kimefungwa bendeji, ingawa nilimwambia apande boda. Nilimfuata. Lukumani alikuwa na gari moja tu mbele ya gereji, mahali ambapo zamani yalikuwa yakipangwa manne, matano. Kasimiro alimweleza yote, bila kupunguza. Lukumani alimsikiliza akiwa ameshika spana.

"Pole na ugonjwa, Mzee," alisema. "Mungu akuponye. Lakini jina langu hukuliharibu hapa. Uliharibu kule kanisani."

"Ni kweli."

"Basi useme kule."

Jumapili, baada ya matangazo, Kasimiro aliomba nafasi. Alisimama mbele ya watu wale wale waliomwona akigonga matofali, akasema kwamba Lukumani wa Oli hakuiba kitu, ila yeye ndiye aliyemsingizia, na kwamba mguu uliokanyaga mafuta ulikuwa wake. Wengine wakapiga makofi, Obitre akatazama kitabu chake cha nyimbo. Baadhi ya wateja walirudi Oli. Obitre hakurudi mpaka leo, na kila nikimwona na ile pikapu najua kwamba kunyamaza kwangu sokoni nako kulichangia.

Shakira alilirudisha Ombaci gari tuliloliacha kwake, na Jumamosi zilizofuata akawa anakuja kunifundisha kwenye uwanja wa mpira. Nina miaka hamsini na tisa. Niliangusha magoli mawili ya miti kabla sijaelewa usukani unataka nini. Lakini nilipata leseni, na tarehe ya kumrudisha Kasimiro kliniki Koboko ilipofika, mimi ndiye niliyeendesha. Sukari imeshuka. Kidonda kimefunga. Mguu wenyewe, daktari anasema, hautarudi kuwa ulivyokuwa.

Tukirudi, aliniuliza, "Mimi nilimshuku Lukumani. Wewe ulimshuku nani?"

Ningeweza kusema sikumshuku mtu. Nilimwambia ukweli, habari za koti, za magunia, na za yule mama wa kwete.

Tulipita Maracha. Nilisikia tu magurudumu kwenye lami, maana gari lenyewe halina sauti.

"Ungeniuliza tu," alisema mwishowe.

"Ungenijibu?"

Alifungua kioo chake, upepo ukamjia usoni, akatazama mashamba.

"Nisingekujibu," alisema.