Ukuta Hujibu Kwanza

"Ongeza sauti," alisema Mama Pasi.

Radi alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Mama, majirani watasemaje?"

"Majirani nimewafulia nguo miaka yote. Leo watafuliwa masikio. Ongeza."

Radi akaongeza. Alikuwa msichana mrefu, viganja vimeota sugu kwa kupiga dramu, na kwa kawaida aliingia mahali kama jina lake. Leo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni lililofunikwa, magoti pamoja. Spika aliyokuja nayo ikaanza kutetemeka juu ya meza ya kupigia pasi. Ndani yake ikatoka sauti kama ya bati la paa linalong'olewa na upepo, taratibu, msumari mmoja baada ya mwingine. Mashati ya wateja yalikuwa yametundikwa kwenye kamba chumba kizima, yametulia tuli. Aliyeyumba ni Mama Pasi. Akashika meza.

Ilikuwa albamu ya mwanawe.

Mtaa ulimwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa na maneno utotoni. Hata usingizini alikuwa akibishana. Ukubwani maneno yalimpungua, yakahamia kwenye gitaa. Mwanzoni mwa mvua alitoka nyumbani, gitaa begani, akasema anarudi sasa hivi. Mvua zikaisha. Mama Pasi akazunguka vituo vya polisi, akazunguka wodi za hospitali, na mwisho akafika chumba cha maiti. Mhudumu akamfunulia miguu ya kijana wa watu. Aliitazama, akaona si ya kwake, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akatoka nje akatapika, kwa aibu ya shukrani ile.

Kaka yake alimpigia simu. "Dada, kutafuta nako kuna mwisho. Upumzishe moyo."

"Moyo si punda," alimjibu, "kwamba ukimtua mzigo anapumzika." Akakata.

Kila mara alipokuwa akiomba kuusikia muziki ule, Chiriku alikataa. "Utasikia ikiisha, Mama. Wewe humpi mteja nguo ikiwa bado ina povu." Basi alikuwa akisubiri. Sasa albamu imeisha, na mwenyewe hayupo wa kumkabidhi. Wenzake wa bendi walikuwa wamekaa nayo wakiona vibaya kuitoa, mpaka Radi, mpiga dramu wao, alipoamua kwamba kama kuna mtu wa kwanza kuisikia, ni aliyemzaa.

"Huu ni muziki gani?" aliuliza Mama Pasi, akiinua pasi, maana mikono yake haikujua kukaa bure.

"Ni roki, Mama. Lakini ile ya kupaa. Mtu akisikiliza anatakiwa aone rangi, ajisikie kama kuta zinapumua."

"Na hiyo inayolia sasa? Bata?"

"Gitaa."

"Mngelipeleka kwa daktari wa mifugo."

Radi akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, akajifuta kwa kiwiko. Mama Pasi alijifanya hakuona. Akalaza shati jeupe la mwalimu mezani, akaanza na kola.

Wimbo wa kwanza ukayeyuka ndani ya wa pili bila kupumua. Ngoma za Radi zikaingia, nzito, zikizunguka kama mashine ya kufulia iliyojazwa kupita kiasi. Juu yake ikaja sauti ya Chiriku. Mama Pasi alisimama wima. Ilikuwa sauti yake, hakuna mwingine, ila ilikuwa kama inatoka chini ya maji, na maneno yake hayakushikika.

"Anasema nini?"

"Hata sisi hatujui. Alikuwa anaimba, halafu anaigeuza sauti iende kinyumenyume."

"Kwa nini mtu aseme, kisha akifiche alichosema?"

Harufu ya kuungua ikapanda. Mama Pasi akainua pasi, na pale kwenye kola ya mwalimu palikuwa na alama ya rangi ya chai, yenye ncha mbele kama mtumbwi. Katika kazi yake yote hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Aliitazama tu. Akaichomoa pasi kwenye umeme, akaisimamisha, akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza akasikiliza bila kufanya kitu kingine.

Ndipo muziki ukamwingia. Haukuwa mbaya. Hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama ungekuwa mbaya. Palikuwa na wimbo mmoja mtamu kabisa, magitaa mawili yakipishana kama watu wanaokunja shuka, mmoja huku, mwingine kule, wakikutana katikati. Lakini chini ya utamu huo kulikuwa na mlio mwembamba usiokoma, kama wa mbu aliyeingia chandaruani. Akaungoja ukome. Wimbo ulikwisha, mwingine ukaanza, mlio ukabaki.

"Huo mlio ni spika yako mbovu?"

"Hapana. Aliuweka mwenyewe kwenye kila wimbo. Tulimwomba autoe, tukagombana. Alisema akiutoa itakuwa uongo." Radi aliinamisha kichwa. "Siku za mwisho alikuwa akiuliza, 'Mnasikia?' Studio imezimwa, vyombo vimezimwa, yeye anauliza, 'Mnasikia?' Sisi tukadhani ni mbwembwe za wasanii. Tukamtania."

Mama Pasi alikumbuka Chiriku amesimama mlangoni na sahani mkononi, akimuuliza swali lilelile, na yeye akijibu, "Ni friji ya jirani hiyo, baba, kula."

Wimbo wa mwisho haukuwa na dramu. Gitaa peke yake, vidole vichache, kisha kimya kirefu, kisha tena. Tone la maji lilidondoka mahali fulani.

"Huu sikuwepo," alisema Radi. "Aliurekodi peke yake, akauleta. Tulimuuliza ameurekodia wapi, akacheka tu."

Ndani ya wimbo, Chiriku akaita mara moja, si kuimba, kuita tu: *ooo*. Sauti ikarudi upesi. Kisha, mtu alipokwisha kudhani imepotea, ikarudi tena, nene, ya chini, kama mzee aliyeamshwa usingizini.

Mama Pasi aliinuka, kigoda kikaanguka.

"Rudisha."

"Wapi?"

"Hapo alipoita. Rudisha."

Radi akarudisha. *Ooo*. Karibu. Halafu mbali.

"Ukuta hujibu kwanza," alisema Mama Pasi. "Halafu tangi."

Kabla ya kuwa na chumba chake cha udobi, alikuwa kibarua kwenye jumba kubwa la kufulia, ambako shuka za hospitali na hoteli zililetwa kwa malori. Chiriku alikuwa hajaanza kutembea. Alimkalisha kwenye kapu la shuka safi, naye humo akajifunza kupiga kelele. Ukuta ukamjibu. Kisha, kutoka mwisho wa jumba, tangi la chuma lililokuwa likipoozea maji likamjibu kwa kuchelewa, na mtoto akacheka mpaka akapata kwikwi. Wafuaji walisimamisha kazi kumtazama. Jumba lile lilifungwa zamani, na hawakuwahi kulizungumzia tena nyumbani. Hakujua kama mtoto wa kapuni anaweza kukumbuka kitu.

Walipanda pikipiki kwenda kwenye jumba lile, wote wawili nyuma ya dereva mmoja, Mama Pasi katikati bado amevaa aproni. Kila dereva alipopunguza mwendo alimgonga begani. "Mwanangu, kwani umebeba mayai? Kimbiza!"

Lango lilikuwa na mnyororo. Mlinzi, mtu wa makamo mwenye koti kubwa kuliko yeye, alitoka kwenye kibanda chake akisugua macho.

"Humu hamna kitu, mama. Njiwa tu."

"Njiwa wanapiga gitaa?"

Mlinzi akatazama pembeni. "Kweli kulikuwa na mtu anaimba. Mimi nikasema ni pepo. Sikuajiriwa kulinda mapepo, kwa hiyo siingii."

"Ulimsikia lini mara ya mwisho?"

"Siku nyingi kidogo." Aliona uso wake, akaanza kupapasa funguo haraka. "Lakini siku hizi nalala sana, mama. Huenda sikusikia tu. Huenda ni mimi."

Ndani, mashine zilishang'olewa zamani; zilibaki skrubu za sakafuni na madoa ya kutu ya umbo la miguu yao. Mwanga uliingia kupitia mabati yaliyotoboka. Mama Pasi akasimama katikati ya jumba, akavuta pumzi, akaita, "Chirikuuu!"

Ukuta ukajibu.

Akangoja. Radi naye akangoja, amemshika mkono. Njiwa waliruka, wakatua. Tone la maji likadondoka.

Tangi halikujibu.

"Labda limetolewa," alinong'ona Radi. Lakini lilikuwepo, walikuwa wanaliona, refu na jeusi mwishoni mwa jumba. Mama Pasi akaanza kukimbia, malapa yakipiga visigino.

Chini ya tangi kulikuwa na tundu la kuingilia wasafishaji, mfuniko wake umefunguliwa. Lilikuwa limezibwa kwa shuka kuukuu. Alizivuta, nyuma yake zilikuwepo nyingine, na nyingine, shuka za hospitali za enzi zile, zenye ukungu, zimesokotwa, zimeshindiliwa, zimetandazwa hadi kwenye kuta za ndani. Mtu alikuwa amelivisha tangi lote mpaka likanyamaza. Alivuta kwa mikono miwili kama anayekamua, na hatimaye akaona unyayo. Aliutambua kabla ya kuugusa. Akaugusa. Ulikuwa na joto.

"Yuko hai," alisema, kisha akapiga kelele, "Yuko hai! Radi, ita gari la wagonjwa! Ita watu!"

Radi alikimbia. Mama Pasi akaingiza kichwa, akaingiza bega moja na mkono. Hapo akakwama, mwili wake wa utu uzima ulikuwa umepita kipimo cha tundu. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mtu asiyeoga. Chiriku alikuwa amelala kwa ubavu, magoti kifuani, vitambaa vimejazwa masikioni. Alikuwa amekonda hadi taya zimejichora. Gitaa lilikuwa kando yake, katikati ya mifuko mitupu ya mkate, nyuzi zote zimeondolewa.

Mama Pasi alinyoosha mkono, akamtoa kitambaa cha sikio lililokuwa juu.

"Mwanangu. Ni mama."

Macho yake yalifumbuka. Yalichukua muda kumfikia.

"Usipige kelele," alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Tafadhali."

"Sipigi."

"Nilidhani nikiumwaga mlio wote kwenye albamu, utaisha. Nikaumwaga wote, Mama. Kila wimbo." Alimeza mate yasiyokuwepo. "Nikaja hapa kutafuta kimya. Nikaziba. Umebaki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema ni friji."

Mama Pasi aliegemeza shavu kwenye chuma. Alitaka kusema mengi: kwamba kuna madaktari, kwamba watakwenda, kwamba atapona. Hakujua hata moja kati ya hayo kama ni kweli, na mtoto huyu alikuwa amechoka kudanganywa.

"Unasikia?" aliuliza Chiriku. Aliuliza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokwisha kufukuzwa.

Alisikiliza. Alisikiliza kwa bidii zote alizokuwa nazo, akizuia pumzi, na alichosikia ni damu yake mwenyewe ikienda mbio.

"Sisikii, baba," alisema. "Masikio yangu hayafiki huko. Nieleze. Unaanzia wapi?"

Chiriku alifumba macho, mpaka mkono wa mama ukamtafuta puani kuhakikisha pumzi. Kisha, kwa sauti iliyokauka, akaanza kuuiga: mlio mwembamba, umenyooka, bila kupanda wala kushuka. Ulikatika, pumzi zilimwishia. Akaanza tena. Safari ya pili, chini yake, kwa kusitasita na bila kujua kama anasaidia au anaharibu, mama akaweka sauti yake.

Huko nje Radi alirudi na mlinzi na vijana wawili waliobeba ngazi ndefu, wakihema. Waliona nusu ya mwanamke imetokeza kwenye tundu la tangi, aproni imelowa maji ya kutu. Mlinzi akafungua mdomo. Mkono wa Mama Pasi uliobaki nje ukainuka, kiganja kikiwaelekea wao, vidole vimetanuliwa.

Wakasimama. Ngazi ilikuwa nzito, na hakuna aliyethubutu kuiweka chini, isije ikalia.