Jiko Lililoliwa na Ng'ombe

Nilirudi nyumbani Matisi kutoka matanga kwetu Bungoma nikakuta mahindi yangu yamevuliwa nguo. Majani yote mabichi yalikuwa yamenyofolewa, yamebaki mabua na mahindi machanga yenye punje laini. Majani yenyewe yalikuwa mbele ya ng'ombe wa shemeji yangu Kizito, ndugu ya mume wangu, naye alikuwa akiyakatakata kwa panga.

"Shemeji, umeninyoa kabla sijafa," nikamwambia.

"Ati nini? Mahindi yako si hayo hapo? Nimetoa majani tu. Kila mwaka tunatoa."

"Mnatoa punje zikishakomaa. Jani ndilo jiko, bana. Linachukua maji kutoka kwa mizizi, linachanganya na hewa, linapika sukari kwa jua, ndipo punje zinajaa. Umebeba jiko, umeniachia sahani."

"Wewe na masomo yako ya redio. Jua si bado liko?"

"Liko. Litapikia wapi?"

Akatema mate karibu na kiatu changu. "Rudi kwenu Bungoma ukalime huko."

Hayo mahindi ndiyo wanangu wangekula mwaka mzima. Niliingia ndani, nikatoka na sufuria, nikachuchumaa kando ya ng'ombe wake.

"Unakama ng'ombe ya nani?"

"Nakama mahindi yangu. Kesho pia nitakuja, mpaka wenzangu wamalize kuvuna."

Alinijia na panga mkononi. Ng'ombe alikuwa ametulia akitafuna majani yangu, nami nikaendelea kukama.