Jiwe Lisiloambiwa Tosha

Siku za Alhamisi wazee huingia bure, kwa hiyo bibi na wifi yake walichagua Alhamisi. Walifika kabla mlango haujafunguliwa, wakakaa kwenye ngazi wakagawana chungwa. Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya vyumba vitatu iliyowahi kuwa ofisi ya wapima ardhi, na juu ya mlango paliandikwa: Historia na Miamba ya Eneo Letu.

"Miamba tunayo uani," wifi alisema. "Hata nauli hailipwi."

"Ya humu imepangwa," bibi akamjibu.

Wifi alikuwa mke wa marehemu kaka yake bibi. Wote wawili walipofiwa na waume zao waliamua kuishi nyumba moja na kupikia chungu kimoja, na walielewana vizuri isipokuwa kwa jambo moja. Miaka hamsini na miwili nyuma, siku ya mazishi ya mama yake bibi, jiwe la kusagia la mama huyo lilitoweka uani. Mji mzima ulikuwa makaburini. Wa kwanza kurudi nyumbani alikuwa wifi, kwa sababu mtoto wake mchanga alikuwa akilia. Bibi aliamini moyoni kwamba wifi alilipeleka jiwe kwao. Hakulisema hata siku moja. Ila kila walipochekecha unga, aliugonga ungo na kusema, kana kwamba anauambia ukuta, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Na wifi kila mara alijibu, "Basi kung'uta nguo, wifi, tule."

Mhudumu alifungua mlango saa mbili kamili. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyekaribia kustaafu, mwenye unga kwenye nyusi.

"Shikamooni, mabibi."

"Marahaba. Umetoka kupika?"

"Nimetoka kufagia," alisema, akawapisha.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha mawe. Palikuwa na jiwe la waridi, jiwe linalong'aa kama sukari, na samaki aliyegeuka jiwe zamani sana. Mhudumu aliwaeleza kwamba msimu wa mvua samaki huyo hugeukia dirishani, na mvua zikikatika hurudi kuutazama ukuta. Wifi aliuliza kama anageuka kwa kulia au kwa kushoto. Kwa kulia, mhudumu alisema. Wifi akaridhika.

Chumba cha pili kilikuwa na taipureta, minyororo ya kupimia ardhi, na picha za wanaume waliosimama mbele ya mahema. Bibi alikuwa akiitazama picha ya tatu aliposikia sauti kutoka chumba cha mwisho. Ilikuwa sauti ya jiwe juu ya jiwe: mkwaruzo mmoja, wa pili, wa tatu, kisha kimya kidogo cha mtu kuvuta pumzi, kisha tena mitatu. Miguu yake ilikwenda kabla yeye hajaiambia.

Katikati ya chumba palikuwa na sanduku la kioo. Ndani yake jiwe dogo la mkononi lilikuwa likienda mbele na kurudi nyuma juu ya jiwe pana la chini, bila mkono wa mtu. Unga mwembamba ulishuka ukingoni, ukajaa sandukuni, ukapenya kwenye maungio ya kioo na kumwagika sakafuni. Ulikuwa umetua kwenye madirisha, kwenye kofia za wapima ardhi zilizotundikwa ukutani na kwenye kiti cha mhudumu.

Jiwe la chini lilikuwa limemeguka pembe moja. Bibi alilimegua mwenyewe akiwa na miaka saba, alipolipiga nyundo ili aone ndani kuna nini. Ndani hapakuwa na kitu, na mama yake alimwambia, "Sasa umejua, pumzika."

Chini ya sanduku palikuwa na kibao. Bibi alisoma kwa sauti, kidole kikitangulia kwenye kila neno.

"Jiwe la kusagia la kale. Liliokotwa na Mkuu wa Upimaji, mahali pasipo watu. Mmiliki hajulikani."

Kisha palikuwa na tarehe. Aliisoma mara mbili.

"Watu tulikuwepo," bibi alisema. "Tulikuwa tunamzika mwenyewe."

"Poleni," mhudumu alisema, akaenda kuleta viti viwili. Kila kimoja alikipangusa kwa mkono wa shati lake kabla hajawakaribisha.

Waliketi. Jiwe lilisaga. Baada ya muda bibi alisema, bila kugeuka, "Wifi."

"Abee."

"Kumbe si wewe."

"Nilikwambia si mimi."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza. Ulikuwa unauuliza ungo."

Bibi aliangalia mikono yake. "Miaka hamsini na miwili. Nisamehe."

"Nilikusamehe ule mwaka wa kwanza," wifi alisema. "Ningelalaje nyumba moja na mtu sijamsamehe? Wewe tu hukupewa habari." Akavuta kiti chake karibu. "Ila kuanzia leo, wifi, ukinitajia nguo ujue ni kwamba unataka kuzifua."

Bibi alianza kucheka, wifi akamfuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mhudumu naye alicheka, ingawa hakujua habari ya ungo, na unga ukamdondoka kutoka kwenye nyusi.

Mkuu wa makumbusho alisikia vicheko akaja kutoka ofisi yake ya uani. Alikuwa mwanamke kijana aliyesomea miamba, mwenye kalamu iliyosahauliwa kwenye nywele. Aliwaamkia, akachuchumaa ili asizungumze nao kutoka juu, akasikiliza habari yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza bibi hata mara moja.

"Nakuamini, bibi," alisema. "Lakini kitabu kinasema mmiliki hajulikani. Kukirekebisha, lazima atie sahihi aliyeokota."

"Yuko wapi?"

"Alifariki."

"Na mama yangu amefariki."

"Basi wako huko wote wawili," wifi alisema. "Watakuwa wameshamalizana. Bado ninyi tu wenye kitabu."

Mkuu alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Aliwaambia lililobaki. Jiwe lilikuwa limesaga usiku na mchana tangu lilipoletwa. Wageni walipiga chafya. Jiwe la waridi lililazimika kuoshwa kila Jumatatu. Makao makuu yalikuwa yameandika barua tatu, na ya mwisho ilisema kwamba kesho, Ijumaa, lori lingekuja kulichukua jiwe na kulifungia katika ghala la chini ya ardhi, mahali ambapo wageni hawaingii.

Bibi alisogeza kiti karibu na kioo. Alikuwa amekaa na jiwe la mama yake kwa saa moja tu.

"Unga mnaupeleka wapi?" aliuliza mwishowe.

Mhudumu aliwaonyesha kabati. Ndani mlikuwa na makopo yaliyopangwa kama askari, kila moja na karatasi yenye siku. Hakuwahi kuonja hata chembe, maana unga ulikuwa mali ya makumbusho, lakini pia hakuweza kutupa chakula. Kila kopo lilipojaa alilifunga vizuri, na asubuhi alikagua kama wadudu wameingia. Wadudu hawakuingia.

Bibi alifungua kopo la Jumatatu akanusa. Mtama. La Jumanne, mahindi. La Alhamisi lilikuwa ulezi, laini kama poda ya mtoto, na hapo alilifunika upesi akakaa nalo mapajani.

"Alhamisi mama alimsagia jirani yetu asiye na meno," alisema. "Alirudia mara mbili ili pasibaki chenga. Jirani hakuwahi kuomba. Mama alimwona tu siku moja anatafuna kwa shida, basi ikawa kila Alhamisi."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiupeleka," wifi alisema. "Nilikuwa bibi arusi. Mama mkwe alinikataza nisimwambie kwamba umesagwa kwa ajili yake. Nilitakiwa niseme umebaki."

Wote wanne walilitazama jiwe. Lilikwenda mara tatu, likavuta pumzi.

"Kwa nini halichoki?" mkuu aliuliza. Aliuliza kama fundi anavyouliza kuhusu mashine.

"Limechoka sana," bibi alisema. "Ila hakuna aliyeliambia tosha. Mama kila jioni alilipangusa kwa kiganja akaliambia, Tosha kwa leo, ahsante. Hakuliacha bila kuliaga. Siku aliyofariki alikuwa hapo hapo anasaga, akainama tu. Tulimbeba yeye. Jiwe tulisema tutalirudia."

Mkuu alikwenda kusoma masharti yaliyobandikwa mlangoni. Wageni hawakuruhusiwa kugusa. Aliyasoma yote kumi na mawili akitafuta upenyo, na upenyo aliupata kwenye sharti la tisa: wafanya usafi waliruhusiwa kugusa. Alichukua kadi, akaandika kwamba bibi ni msaidizi wa usafi wa kujitolea, akaigonga muhuri.

"Yaani aingie kama mfagiaji kwenye jiwe la mama yake," wifi alisema.

"Ndivyo ilivyo," mkuu alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hakupenda. "Ndiyo njia niliyo nayo leo."

"Naitaka," bibi alisema. Alibandika kadi kifuani, akanyoosha nguo yake.

Mhudumu alifungua kioo. Bibi aliweka kiganja juu ya jiwe la chini, ambalo lilikuwa na joto kama mgongo wa mtu anayelima, akalipangusa kutoka juu hadi ukingoni.

"Tosha kwa leo," alisema. "Ahsante."

Jiwe dogo lilimaliza safari yake ya kurudi, likatulia. Kwa mara ya kwanza mhudumu alisikia kwamba saa ya ukutani ilikuwa na mlio. Alikuwa ameifuta miaka kumi na saba bila kujua.

"Nayo inafanya kazi," alisema.

Kesho yake bibi na wifi walirudi mapema, na Ijumaa haikuwa bure, lakini bibi alikuwa na kadi, na wifi alipita akidai kwamba yeye ndiye anayembebea bibi kitambaa. Saa mbili kamili jiwe lilianza kusaga. Saa tatu lori lilifika, na ndani yake mkaguzi kutoka makao makuu, mwenye kamba na karatasi ya kutia sahihi.

Mkuu alimwomba asubiri mpaka saa kumi jioni. Mkaguzi hakutaka, lakini wifi alikuwa ameshampa kiti, na mtu akishaketi karibu na wifi kuondoka si rahisi. Alimuuliza habari za mama yake. Alikuwa hai, mkaguzi alisema, ila meno yamekwisha, na unga wa mashine humkwaruza koo.  Wifi alisimama, akaenda kwenye kabati, akarudi na kopo la Alhamisi.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie umebaki."

Saa kumi bibi alilipangusa jiwe na kuliaga. Lilitulia. Mkaguzi alisubiri dakika thelathini kwa saa yake mwenyewe, kisha akaandika: Jiwe linaingia kazini saa mbili, linatoka saa kumi. Halichelewi. Libaki. Kuhusu unga, aliamua kwamba kinachofagiwa ni taka, na taka makumbusho yanaweza kumpa yeyote mwenye mfuko. Lori likaondoka tupu, isipokuwa kopo moja kwenye kiti cha mbele, lililofungwa mkanda.

Tangu siku hiyo watu huja na mifuko. Jumatatu huja wanaopenda mtama. Alhamisi foleni ni ya wazee, na haina kelele, maana wengi wanazungumza kwa ufizi. Wifi hugawa kwa kikombe, na anayeona haya kuomba humwambia kwamba kuna kidogo kimebaki, tafadhali amsaidie. Jiwe la waridi halihitaji tena kuoshwa kila Jumatatu, maana unga umepungua. Bibi hufika kabla ya saa mbili ili jiwe lisianze peke yake, na mchana husinzia kwenye kiti huku mikwaruzo mitatu ikimpitia masikioni kama zamani alipolala mgongoni mwa mama yake.

Kuhusu kitabu, mkuu aliandika barua mara nne. Aliambatisha maelezo ya bibi, maelezo ya wifi, na mchoro wa pembe iliyomeguka. Mwishoni mwa mwaka jibu lilikuja, likiwa limefungwa kwa karatasi nzuri: kibao kipya cha shaba. Mhudumu alikikaza kwa skrubu nne. Maandishi yalikuwa makubwa kuliko ya zamani. Yalisema kwamba jiwe linafanya kazi kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Yalisema liliokotwa na Mkuu wa Upimaji, mahali pasipo watu. Yalisema mmiliki hajulikani.

Mkuu alisimama mlangoni akiwa ameshindwa la kusema. Wifi alikuwa nalo, lakini bibi alimgusa goti, naye wifi akalimeza.

Siku hiyo walikuja wanafunzi wa darasa la nne, wakasongamana mbele ya sanduku. Walio nyuma walilalamika kwamba hawaoni maandishi, kwa kuwa unga ulikuwa umetua juu ya kibao. Bibi alichukua kitambaa, akapiga magoti polepole, akakisafisha mpaka kikang'aa. Kisha akavuta kiti chake pembeni, ili mwanga wa dirishani uwafikie wote wanaosoma.